Tawi la Jicho

Maisha yake yote ya uwanjani Refa aliitwa kipofu. Ndiyo kazi ya mwamuzi wa mpira: ukipuliza filimbi, nusu ya uwanja inakusifu na nusu nyingine inataka upelekwe kupimwa miwani. Yeye hakuwa na kinyongo. Alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu mlangoni, anamsimulia mke wake matusi ya siku hiyo kama mtu anayesimulia harusi, na wote wawili wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mke wake alifundisha darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kutwa nzima watoto walimsomea kwa sauti, naye alijua nani kameza silabi na nani kabahatisha neno kwa kuangalia picha.

Ugonjwa ulijitangaza katikati ya mechi ya kawaida ya alasiri. Refa alipuliza filimbi, akamwita nahodha amweleze kosa, akafungua kinywa, na maneno yakatoka yamevurugika, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Wachezaji walidhani amelewa. Mashabiki wakaangua kicheko. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutikisika peke yake, akaanguka palepale kwenye nyasi, na kicheko kikakatika.

Hospitali walikuta uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto. Wakampasua, wakatoa kiasi walichothubutu kutoa. Kilichobaki kilikuwa kimekaa jirani kabisa na mahali ubongo unapotunza maneno, na kukigusa kungemwacha bubu. Wakampiga mionzi. Wakampa dawa za kemo kwa mshipa wa mkononi, zikamzunguka mwili mzima, zikamtapisha, zikampukutisha nywele, zikamfanya achukie hata harufu ya chakula. Picha mpya ilipopigwa, uvimbe ulikuwa umeongezeka. Dawa ilikuwa imepiga kila mahali isipokuwa pale ilipotakiwa.

Hapo ndipo walipotumwa kwa Daktari.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, anayeongea polepole kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyolowa. Dada mkubwa wa Refa, mwenye mashine ya kusaga nafaka na sauti iliyozoea kushindana nayo, alikuwa amewasindikiza. Alimkagua Daktari kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamnong'oneza Mwalimu mnong'ono uliosikika mpaka kwenye korido: "Wifi, ndiye huyu? Si itabidi apande stuli?"

"Ninayo, Dada," alisema Daktari. "Tena ina magurudumu."

Dada Mkubwa alitazama dari kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine. Daktari akavuta kiti chake mbele ya meza, akakaa karibu nao, akaanza kueleza.

"Nitaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu hapa pajani. Napitisha mrija mwembamba, unapanda mpaka shingoni, unaingia kichwani, mpaka kwenye tawi linalolisha huo uvimbe. Dawa naimwaga hapo hapo. Uvimbe unapata dawa ya kutosha, mwili unapata kidogo."

"Sasa mbona hamkuanza na hiyo?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Kwa sababu si kila uvimbe unafaa, na kwa sababu njia yenyewe ina hatari zake." Alizitaja bila kupunguza sauti. Mrija unaweza kuukwaruza mshipa, damu ikaganda, mtu akapooza. Dawa inaweza kupotea njia ikaingia sehemu ya ubongo isiyo na ugonjwa na kuiunguza. "Halafu kuna jicho. Mshipa wa jicho unachipuka kwenye mshipa huo huo, kabla tu ya kuingia kwenye ubongo. Zamani dawa ilikuwa inamwagwa chini, shingoni. Uvimbe ulipungua, lakini wapo waliopoteza jicho la upande ule."

Refa akakohoa. "Daktari, jicho langu hilo mashabiki walishasema halipo."

Alicheka mwenyewe. Mwalimu hakucheka, alikuwa amemshika mkono chini ya meza.

"Mimi naliona lipo," alisema Daktari, "na nataka libaki. Siwezi kukuahidi kwamba utapona. Siwezi kukuahidi hata kwamba hakuna litakaloharibika. Ninachokuahidi ni kwamba sitakuwa na haraka, na nikiona hapafai, nitatoka." Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe nitakuhitaji. Mumeo atakuwa macho muda wote, tena atakuwa anaongea, kwa sababu kuongea kwake ndiyo kipimo changu. Mimi sauti yake nimeisikia leo tu. Wewe umeishi nayo. Utakaa nyuma ya kioo, usikilize. Ukisikia kitu si chake, hata kama ni kidogo, niambie. Usione aibu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijiuliza atawezaje kukaa chumba kimoja na jambo kama hilo.

Siku yenyewe ilipofika, alipiga moyo konde akakaa. Ng'ambo ya kioo palikuwa na kitanda chembamba, mashine kubwa iliyopinda juu ya kichwa cha mumewe kama mkono unaotaka kumkumbatia, na skrini zilizojipanga ukutani. Daktari, ndani ya aproni nzito ya kukinga mionzi iliyomfikia karibu vifundoni, alikuwa juu ya stuli yake. Kando ya kichwa cha Refa alisimama nesi, mwanamume mrefu mwenye kipara, aliyeanza kwa kosa moja: alimuuliza Refa anapenda kuongea juu ya nini.

"Wewe unaijua sheria ya kuotea?" Refa alimuuliza.

"Hiyo naijua."

"Huijui," alisema Refa. Akaanza.

Nyuma ya kioo Mwalimu alijikuta anatabasamu. Sheria hiyo alikuwa ameelezwa tangu siku za uchumba, na mpaka leo asingeweza kumfafanulia mtu. Lakini mapigo yake aliyajua: pale Refa anapopandisha sauti, pale anapovuta pumzi, pale anaposema "sasa nisikilize vizuri" kabla ya sehemu ambayo hakuna anayeielewa.

Kwenye skrini mrija ulipanda, mwembamba kama uzi. Daktari alipiga rangi kidogo ndani ya mshipa, na mishipa ikajitokeza, myeusi juu ya weupe, matawi kwa matawi. "Lile ndilo la jicho," alisema kwa utulivu, kupitia kipaza sauti, kama anayemwonyesha mgeni nyumba ya jirani. Mwalimu aliliona: uzi uliopinda kuelekea mbele. Ncha ya mrija ikalifikia, ikalipita, ikasimama mbele yake.

"Sasa sitii kemo bado," alisema Daktari. "Natia kwanza dawa ya usingizi, kidogo sana, inayoisha upesi. Naiuliza njia kama ni salama."

Refa alikuwa amefika penyewe. "Sasa nisikilize vizuri. Mshambuliaji akiwa mbele ya beki wa mwisho, wakati pasi inapi—"

Akanyamaza.

Kinywa kilikuwa wazi. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama nesi, yanaomba. Mkono wa kulia uliokuwa unachora uwanja hewani ukashuka taratibu kitandani. Mwalimu aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti kwa viganja vyote viwili.

"Daktari! Amenyamaza! Amenyamaza, Daktari!"

"Nimesikia, Mwalimu," sauti ya Daktari ilikuwa ileile, ya sakafu iliyolowa. "Ndilo swali nililouliza, na nimejibiwa. Tawi hili linalisha na maneno yake pia. Ngoja, atarudi. Nesi, mshike mkono, mwambie anachokisikia ni cha kupita."

Nesi aliinama, akamwambia. Mwalimu alisimama amebandika paji la uso kwenye kioo. Alikuwa amemwona mumewe akiumwa kwa kila namna, lakini hakuwahi kumwona akiwa ndani ya mwili wake huku mlango umefungwa. Hakujua ni muda gani ulipita. Kisha midomo ya Refa ikachezacheza.

"—gwa," alisema. "Inapopigwa. Wakati pasi inapopigwa. Nani kanikata kauli?"

Nesi alicheka kwa nguvu, na Mwalimu akalia.

Daktari yeye hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameinamia skrini. Kama ile ingekuwa kemo, neno lile lingeweza lisirudi tena. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Aliusukuma mrija mbele zaidi, kwa vidole viwili, akiuzungusha kidogo kidogo kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli asilolijua, mpaka ukaingia kwenye kitawi kidogo kilichokwenda kwenye uvimbe peke yake. Akapiga rangi. Akatia tena dawa ya kujaribu.

Refa aliendelea na kuotea.

"Mwalimu?" Daktari aliita.

Mwalimu alifumba macho, akasikiliza kama anavyowasikiliza watoto wa darasani. Mapigo yale. Pumzi ile. "Ni yeye," alisema. "Huyo ni yeye kabisa."

Ndipo kemo ikaingia. Haikumiminwa. Daktari aliisukuma kidogo, akaacha, akasukuma tena, akaacha, na mkono wake haukutetereka mpaka bomba la sindano likaisha. Alipotoka na kuvua aproni, nguo zake mgongoni zilikuwa zimelowa chapachapa. Mwalimu alitaka kumkumbatia, akaona haya, akamwokotea kofia yake ya kazini iliyokuwa imedondoka.

Refa alirudi nyumbani na paja linalouma na hamu ya kula. Wiki zikapita. Wakarudi kwa mara ya pili, safari hii bila woga mkubwa, wakiwa wamezoea kama watu waliozoea kituo cha basi. Na mara hii mambo yakaenda kombo.

Mrija ulipofika kichwani, mshipa ulijibana. Mwalimu aliuona kwenye skrini kabla hajaambiwa: mahali palipokuwa pana pamekuwa pembamba kama shingo ya chupa. Rangi ilipopigwa haikwenda mbele yote. Sehemu yake iligeuka ikarudi nyuma, ikaingia kwenye ule uzi uliopinda.

"Kuna kitu kinabana nyuma ya jicho," alisema Refa. "Hapa kushoto."

Daktari akaacha kuusukuma mrija. Aliweka dawa ya kulegeza mshipa, akasubiri, akapiga rangi. Akasubiri tena. Mshipa ulifunguka nusu, ukagoma. Kemo ilikuwa imeshachanganywa, iko mezani tayari, na isingeweza kutunzwa. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama.

"Leo hatutii dawa," alisema, na akaanza kuurudisha mrija nyuma.

Dada Mkubwa alikuwa kwenye benchi la nje. Aliposikia, alisimama na sauti yake yote. "Imemwagwa? Dawa imemwagwa? Uvimbe wa ndugu yangu unaongezeka humo ndani, nyie mnamwaga dawa kwa sababu jicho linabana? Jicho moja, wifi! Anayo mawili!"

Mwalimu naye alikuwa na hasira. Alijua kuona na kusema na kuishi ni vitu vitatu, na kama angelazimishwa kuchagua, angetaja kuishi kabla swali halijaisha. Daktari alipotoka, wanawake hao wawili walimzuia njiani.

"Nifuateni," alisema Daktari. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka.

Aliwapeleka kwenye chumba kidogo mwisho wa korido. Juu ya meza palikuwa na mirija ya kioo iliyoungwa, mmoja mnene ukipanda na kugawanyika matawi, maji yakisukumwa ndani yake na pampu ndogo iliyokuwa ikidunda kama moyo. Nesi alikuwa ameshawahi kumwambia Mwalimu kwamba Daktari ana midoli yake, kwamba wenzake wakienda kula, yeye huenda kucheza. Mwalimu alidhani ni utani.

"Hili ndilo jicho," alisema Daktari, akigusa tawi lililopinda. Alichukua bomba la sindano lenye wino mwekundu, akapitisha mrija mwembamba ndani ya kile kioo mpaka mbele ya tawi, akaumimina wino polepole. Wino haukuchanganyika na maji. Ulitambaa upande mmoja wa kioo, mstari mwekundu mwembamba, ukaingia wote kwenye kitawi kimoja huku vingine vikibaki vyeupe.

"Mama yangu!" alisema Dada Mkubwa.

"Nilidhani kumimina polepole ndiyo upole. Kumbe kitawi kimoja kinabeba mzigo wote, kinaungua." Akarudia, sasa kwa kusukuma na kuacha, kusukuma na kuacha. Wino ukavurugika, maji yakawa ya waridi, matawi yote ya mbele yakapata sawasawa. Lile la jicho likabaki jeupe. "Hivyo ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza. Sasa oneni leo." Alichukua kibanio kidogo cha mpira, akaukaba mrija wa kioo mahali penye kiungo laini, mbele ya tawi. Akasukuma kwa namna ileile nzuri. Wino ukagonga pale palipobanwa, ukarudi nyuma, na tawi la jicho likawa jekundu lote, kuanzia shina mpaka ncha.

Pampu ilidunda.

"Na dawa inayorudi nyuma hivi haiishii kuunguza jicho tu," alisema Daktari. "Inakosa kwenda kwenye uvimbe. Ningekuwa nimempa madhara, halafu matibabu nimemnyima."

Dada Mkubwa alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo. Mtu aliyeishi na mashine hutambua mashine. "Umeitengeneza mwenyewe?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Kuna fundi wa vioo ananivumilia. Nimeshamvunjia nyingi."

Waliporudi wodini, Refa alikuwa amelala chali, haruhusiwi kukunja mguu, anamsumbua nesi. Mwalimu akamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unakumbuka ile fainali niliyoisimamisha kwa sababu ya radi?"

"Ile uliyorushiwa chupa."

"Chupa, viatu, mtu mmoja alinirushia redio. Zilikuwa zimebaki dakika chache, wenyeji wanaongoza." Alitazama dari. "Kupuliza filimbi mchezo uendelee, hilo hata mtoto anaweza. Kuusimamisha watu wote wakiwa wamesimama ndiko kunakotaka kifua. Yule mama ana kifua."

"Wewe ulikuwa unasikia maumivu, ndiyo maana unamtetea," alisema Dada Mkubwa, lakini alisema kwa kujisemea tu, akiwa tayari anapanga mito.

Daktari aliacha mshipa upumzike. Walipoitwa mara ya tatu, alikuwa amepata mrija laini zaidi, na alianza kutia dawa ya kulegeza mshipa mapema, kabla ya kuugusa. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake nyuma ya kioo. Refa, aliyekuwa amemaliza kuotea, alihamia kwenye kunawa mpira, sheria iliyobadilishwa mara nyingi mpaka nesi akaomba maji. Mshipa ulibaki wazi. Rangi ilikwenda mbele, yote. Dawa ya kujaribu ikapita bila neno kupotea, kemo ikaingia kwa kusukuma na kuacha, na jioni Refa alisoma namba za gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, kwa jicho la kushoto tu, la kulia likiwa limezibwa kwa kiganja cha dada yake, ambaye hakumwamini mtu mwingine kuliziba.

Matibabu yaliendelea hivyo kwa miezi. Mara moja zaidi Daktari alisimamisha, na mara hiyo hakuna aliyepiga kelele.

Picha ya mwisho Daktari aliwaonyesha ofisini, kando ya ile ya mwanzo. Doa lililokuwa kubwa kama yai lilikuwa limesinyaa likawa kama punje ya harage. Halikuwa limeondoka. Aliwaambia hivyo waziwazi: linaweza kulala miaka, linaweza kuamka, watakuwa wakilichungulia mara kwa mara. Refa hataruhusiwa kukimbia tena katikati ya uwanja, kwa sababu kifafa kilichomwangusha siku ile kinaweza kurudi. Refa akasugua goti lake, kisha akasema kuna vijana wanaotaka kufundishwa uamuzi na kufundisha hakuhitaji mbio.

Mwalimu alikuwa ameandaa maneno ya shukrani. Alikuwa ameyapanga vizuri tangu nyumbani, yeye mwenye kazi ya maneno, na sasa hakulikumbuka hata moja. "Daktari," alisema, "mimi sijui..."

"Nina ombi," alisema Daktari, kama aliyeona amsaidie. "Kuna mkutano wa madaktari wanaofanya kazi hii. Nataka kuwaeleza habari za mumeo. Jina lake sitalitaja."

"Waambie tu," alisema Refa. "Waambie na sheria ya kuotea."

"Nataka kuwaeleza hasa ile siku ya pili. Siku ambayo hatukutia dawa."

Mwalimu alishangaa. "Si uwaeleze ile ya tatu? Iliyofanikiwa?"

"Zilizofanikiwa kila mtu anazileta," alisema Daktari. "Mtu akiniuliza asimamishe wakati gani, nataka awe na picha ya kutazama."

Refa alimtazama kwa muda, mwanamke yule mfupi kwenye stuli yake ya magurudumu, kisha akasimama, akanyoosha mkono kama anavyowapa mkono waamuzi wenzake baada ya mechi ngumu. Daktari akaupokea.

Nje, Dada Mkubwa alikuwa anawasubiri kwenye benchi, akimweleza mama mmoja asiyemjua, mwenye kijana aliyefungwa bandeji kichwani, namna dawa inavyotembea ndani ya mshipa. Alikuwa anatumia mikono yote miwili na sauti ya mashine. "Usiogope ukimwona mfupi," alikuwa akisema. "Sogea nikueleze. Sikiliza, wifi yangu anakuja, yeye alikuwepo mle ndani, atakueleza vizuri zaidi."

Mwalimu akakaa kando ya yule mama, akaweka mkoba chini, akaanza.